Ngoma Inayomngoja Mchezaji: Kutoka Uwanja wa Mafahali Kakamega hadi Tuzo ya Grammy

Katika nchi ya Waisukha na Waidakho, kusini mwa mji wa Kakamega, fahali wa kupigana haendi uwanjani kimyakimya. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, watu wa boma lake humsindikiza kwa isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wenyewe huzieleza kama baba, mama na mtoto, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mmoja huongoza wimbo, wengine huitikia. Hakuna anayejua pigano litachukua muda gani. Mafahali wanaweza kusimama wakitazamana hadi jua litoke, au mmoja akageuka na kutimua mbio baada ya kugongana pembe mara moja tu. Kwa hiyo muziki huo hauna mwisho uliopangwa. Unazunguka pale pale, unangoja, unapanda, na mshindi akijulikana unageuka kuwa wa shangwe.

Nimeanza na ngoma hii kwa makusudi. Historia ya muziki wa michezo ya video kwa kawaida huanzia Japani au Marekani, kana kwamba wazo la muziki unaomfuata mchezaji lilizaliwa pamoja na umeme. Mashine zilizaliwa huko, hilo halina ubishi. Lakini sanaa yenyewe, ile ya kutunga sauti zisizojua kitakachotokea dakika ijayo na bado zikabaki na mpangilio, Magharibi mwa Kenya iliijua kabla ya mashine yoyote. Halafu kuna jambo la pili, la ajabu zaidi: muziki wa gemu ulipokuja kubisha hodi kwenye tuzo kubwa za muziki duniani, wimbo uliofunguliwa mlango ulikuwa wa Kiswahili.

Nota na ngoma, 1902–1942

Kiswahili kilifika upande huu na misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walipiga kambi Mumias, kwa Nabongo Mumia, na lugha yao ikabaki hapo pamoja na dini yao. Lakini Kiswahili cha kuimbwa kwa sauti nne kilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1902 Wamishonari wa Friends, yaani Waquaker kutoka Marekani, walianzisha kituo Kaimosi. Miaka michache baadaye Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Mukumu, karibu kabisa na Kakamega, na Waanglikana wakafika Maseno na Butere. Pamoja na kusoma na kuandika, walifundisha kuimba kwa kusoma nota za do-re-mi.

Ngoma haikukaribishwa. Kwa wamishonari wengi ilinuka mizimu na pombe, na muumini aliyetaka kubatizwa alitakiwa kuiacha nje. Mpasuko haukuchelewa. Mwaka 1927 uamsho wa Roho ulizuka miongoni mwa Wafriends wa Kaimosi, na waliofukuzwa kwa ajili yake wakaanza kuabudu kwa namna yao. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli akaanzisha Kanisa la African Israel Nineveh, ambalo maandamano yake ya bendera na ngoma bado yanaonekana kwenye barabara za Magharibi hadi leo. Wimbo wa Kikristo ukapata miguu. Watu waliofundishwa kusimama wima na kutazama nota sasa walikuwa wanaimba wakitembea, kiongozi akirefusha au kufupisha ubeti kulingana na umbali uliobaki.

Huko nje jambo hilo hilo lilikuwa linatokea kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1958 Padri Guido Haazen na vijana wake wa Kamina, nchini Kongo, walirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Kikongo, na santuri yake ikazunguka dunia. Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliofuata ukahalalisha yale ambayo waumini wengi walikuwa wameshayaanza. Tangu hapo kwaya yenye kiongozi, kiitikio na ngoma ikawa, masikioni mwa watu wa mbali, ndiyo sauti ya Afrika. Hili tulikumbuke, maana miaka 47 baada ya Missa Luba litatokea kwenye kompyuta.

Vidole viwili na chupa ya soda

Kabla ya kwenda Japani, inafaa kupita Kisa, upande wa Khwisero. Huko ndiko alikotoka George Mukabi, bingwa wa gitaa kavu la mtindo wa omutibo, aliyefariki mwaka 1963. Katika omutibo kidole gumba hushika besi na kidole cha shahada hukimbiza sauti ya juu, na kando yake mtu hukwaruza chupa ya Fanta yenye mistari. Hiyo ndiyo bendi nzima. Abana ba Nasery wa Bunyore, kundi la Shem Tube, waliuendeleza mtindo huo kwa miongo kadhaa. Daudi Kabaka naye aliupeleka uhodari wa watu wa Magharibi studio za Nairobi, na wimbo wake "Helule Helule" ukarudiwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968 na kuingia kwenye chati za huko.

Wanamuziki hawa hawakuwa na gemu akilini, bila shaka. Ninawataja kwa sababu walitatua tatizo ambalo mafundi wa elektroniki walikuwa karibu kukutana nalo: utafanyaje muziki uliokamilika ukiwa na sauti chache mno? Jibu la Mukabi lilikuwa kuigawa kazi, kila sauti ikapewa jukumu moja tu, na kumwachia msikilizaji ajaze mengine mwenyewe.

1978–1991: Sauti tano za mashine

Gemu za kwanza hazikuwa na muziki, zilikuwa na milio tu. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitoa Space Invaders, na chini ya milio ya risasi kulikuwa na noti 4 za besi zinazoshuka, zikirudiwa bila kukoma. Kadiri adui walivyokaribia, noti hizo ziliharakisha. Ni kitu kidogo sana, hata aibu kukiita utunzi, lakini mapigo ya moyo ya mchezaji yaliitikia. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu walisikia muziki uliokwenda mbio kwa sababu ya hali yao wenyewe uwanjani.

Mwaka 1983 Nintendo ilitoa mashine ya Famicom. Chipu yake ilikuwa na njia 5 za sauti: mbili za sauti kali za kubeba wimbo, moja nyororo iliyofaa besi, moja ya mchakacho iliyofanya kazi ya ngoma, na moja ya kucheza vipande vifupi vilivyorekodiwa, ambayo watunzi wengi hata hawakuitumia. Tena milio ya kuruka na kupiga ilizinyang'anya njia hizo hizo nafasi. Koji Kondo alipoitungia Super Mario Bros. mwaka 1985, alilazimika kuandika wimbo ambao ungeweza kupokonywa sauti moja wakati wowote na bado ukatambulika. Alifanikiwa kiasi kwamba mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kupewa nafasi hiyo.

Ninavyoona, sifa yake kubwa haiko kwenye wimbo unaopigwa miluzi na watoto. Iko kwenye jambo dogo: muda ukikaribia kwisha, muziki ule ule unaharakishwa, na kidole cha mchezaji nacho kinaanza kukosea. Huo ni uhodari wa mpiga ngoma.

Mwaka 1991 Wamarekani wawili wa kampuni ya LucasArts, Michael Land na Peter McConnell, wakaupandisha ujuzi huo ngazi nyingine. Programu yao iliyoitwa iMUSE, iliyotumika kwanza kwenye Monkey Island 2, iliuruhusu muziki ubadilike katikati ya kwenda bila kukatika. Mchezaji akiingia nyumba hii, kinanda fulani kinajitokeza. Akitoka, kinarudi nyuma, na mdundo unaendelea. Mtunzi aliacha kuandika wimbo mmoja mrefu. Aliandika vipande na njia za kutoka kipande hadi kipande, halafu akamwachia mchezaji usukani.

Stima, PS na Ingwe

Gemu hizi zilifika Kakamega zimechelewa na zimezeeka, nyingi zikiwa kwenye mashine za bei nafuu zilizonakili Famicom, na katriji zilizojigamba kuwa na maelfu ya michezo huku ile ile ikijirudia kwa majina tofauti. Kwa nyumba nyingi kucheza hakukuwezekana. Mashine ilihitaji televisheni, na televisheni ilihitaji stima. Kwa hiyo mchezo wa video ulikuja kuenea kweli mjini ulipotoka sebuleni na kuingia kibandani, kwenye vibanda vya PS, yaani PlayStation, ambapo kijana hulipia mechi moja na wengine kumi husimama nyuma yake wakimfundisha kazi.

Wakati huo muziki wa gemu ulikuwa umegeuka. PlayStation ya Sony, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1994, ilisoma CD, na CD inabeba rekodi ya kawaida ya studio. Mtunzi akapata okestra nzima, na kampuni zikapata njia ya mkato: kununua nyimbo zilizokwisha kuvuma. Gemu ya FIFA ya msimu wa 1998 ilifungua kwa wimbo wa bendi ya Blur, na tangu hapo orodha ya nyimbo za FIFA ikawa tukio la kila mwaka. Vijana wengi walizifahamu bendi za Ulaya wakingoja mechi ipakie. Hata hivyo nyimbo hizo zinapigwa kwenye menyu. Mechi ikianza, kinachosikika ni watangazaji na mashabiki.

Mashabiki hao wa ndani ya mashine wanastahili kusikilizwa. Wanapanda mpira ukikaribia lango, wanaguna ukipaa juu, wanalipuka likiingia. Mtu wa Kakamega anaijua kazi hiyo kwa sababu AFC Leopards, au Ingwe kama mashabiki wanavyoiita, timu iliyozaliwa mwaka 1964 kama klabu ya Abaluhya, imezoea kucheza huku isukuti ikilia jukwaani. Ingwe ikibanwa, ngoma inashuka na kushikilia mdundo. Ikipata kona, inachemka. Wahandisi wa sauti hutumia fedha nyingi kuifundisha kompyuta jambo ambalo mzee mwenye ngoma kwapani hulifanya huku macho yake yakiwa kwenye mpira.

2005: Sala kwenye menyu

Soren Johnson na Christopher Tin waliishi chumba kimoja walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Johnson akawa mbunifu wa gemu katika kampuni ya Firaxis. Tin, mtoto wa wahamiaji wa Kichina, akasomea utunzi na kwenda kuendelea London katika Chuo cha Muziki cha Kifalme. Walipokutana tena baada ya miaka, Johnson alikuwa anaongoza utengenezaji wa Civilization IV, mchezo ambamo mtu hulichukua taifa kutoka enzi za mawe hadi safari za angani. Alitaka wimbo wa kufungulia.

Tin akaandika "Baba Yetu": Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwa kwaya, waimbaji viongozi na okestra. Katika kuyaandaa maneno, jina la Chris Kiagiri linatajwa pamoja na lake. Walioimba walikuwa Talisman, kundi la wanafunzi wa Stanford lililokuwa limezoea nyimbo za Kiafrika. Gemu ilipotoka Oktoba 2005, mchezaji aliyeiwasha alikutana na dunia ikizunguka taratibu gizani na kwaya ikiita.

Kwa nini Kiswahili? Mchezo huo unahusu mwanzo wa mwanadamu, na Wamarekani wakitaka kuusikia mwanzo huo huelekea Afrika Mashariki, kwenye mifupa ya Olduvai na Turkana. Na wakitaka Afrika iimbe, husikia ile kwaya ya kiongozi na kiitikio iliyotengenezwa na misheni, uamsho na Missa Luba. Unaweza kuliita hilo mazoea, na mimi naliita hivyo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mwanadamu wa kwanza. Hata huku Kakamega, Kiswahili ni mgeni wa juzi aliyekuja na bidhaa. Lakini siwezi kuukana wimbo wenyewe. Umejengwa na mtu anayejua kwamba sala hii, kwa watu wanaoisali kila siku, ni mali ya kundi. Kiongozi anaomba na umati unambeba. Hivyo ndivyo inavyoimbwa Mukumu Jumapili yenye sherehe, na hakuna aliyehitaji kufundishwa na gemu.

2009–2011: Mlango unafunguliwa

Wimbo ulianza kutembea peke yake. Waliocheza gemu waliutafuta, wasiocheza wakausikia kwenye maonyesho ya Video Games Live, na kwaya za vyuo zikaanza kuomba nota. Chemchemi kubwa ya Dubai ikauweka kati ya nyimbo za maji yake yanayocheza. Lakini majaji wa Grammy hawakuwa na kitengo cha gemu. Mwaka 2009 Tin alitoa albamu ya Calling All Dawns yenye nyimbo 12 katika lugha 12, "Baba Yetu" ikiwa ya kwanza, safari hii ikiimbwa na Soweto Gospel Choir pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Kwaya ya Afrika Kusini, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, ikaimba Kiswahili kilichopangwa na Mmarekani kwa ajili ya mchezo wa kompyuta.

Tarehe 13 Februari 2011, jijini Los Angeles, albamu hiyo ilipata tuzo, na "Baba Yetu" ikapata yake kwa upangaji wa ala unaomsindikiza mwimbaji. Ulikuwa muziki wa kwanza kutungiwa gemu kushinda Grammy. Mwaka uliotangulia mhakiki maarufu wa filamu, Roger Ebert, alikuwa ameandika kwamba michezo ya video haiwezi kamwe kuwa sanaa. Miezi minne baada ya tuzo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba gemu zinastahili ulinzi ule ule wa uhuru wa kujieleza unaopewa vitabu na michezo ya kuigiza. Ubishi haukuisha, ila uzito ulikuwa umehama upande.

Hata hivyo ushindi huo una kasoro ambayo haisemwi mara nyingi. "Baba Yetu" ni muziki wa menyu. Mchezaji hajafanya lolote unapolia; ukianza kucheza, unanyamaza. Ili majaji wauone ilibidi utolewe kwenye mashine, urekodiwe upya na kuwekwa kwenye albamu. Kilichotuzwa kilikuwa utunzi mzuri uliotoka kwenye gemu, huku ile sanaa ya Nishikado, Kondo na Land, ya muziki unaomsikiliza mchezaji, ikibaki bila jina. Kitengo cha muziki wa gemu kilikuja kuanzishwa baadaye, na mshindi wake wa kwanza, mwaka 2023, alikuwa Stephanie Economou kwa kazi yake ya Assassin's Creed Valhalla.

Baada ya 2014

Miaka mitatu baada ya tuzo ya Tin, UNESCO iliiandikisha isukuti ya Waisukha na Waidakho. Haikuwa kwenye orodha ya fahari. Iliwekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilitajwa bila kuficha: mafundi na wapigaji wengi ni wazee wasio na warithi, fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma ni haba, watunzi wanakimbilia muziki wa kuuza, na hadhira nayo inapenda burudani za kisasa. Bila shaka vibanda vya PS vimo ndani ya burudani hizo.

Wakati huo huo Wakenya walikuwa wameanza kutengeneza gemu zao. Wesley Kirinya aliunda The Adventures of Nyangi karibu peke yake, kisha mwaka 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X. Mwaka 2022 mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu uliidhinishwa kwa shule za Kenya. Kwa hiyo si ndoto tena kufikiri kwamba kijana wa Lurambi ataketi siku moja na mpigaji isukuti wa Shinyalu na kifaa cha kurekodia katikati yao.

Siku hiyo itakuwa na kazi ya namna yake. Kurekodi isukuti nzima mwanzo hadi mwisho, kama kwa redio, hakutasaidia gemu. Itabidi baba, mama na mtoto wapigwe kila mmoja peke yake, kwa kasi ya polepole na ya haraka. Pembe peke yake. Mwito wa kiongozi bila kiitikio, na kiitikio bila mwito. Na shangwe za aina mbalimbali, maana kushinda kwa shida si sawa na kushinda kwa dakika moja. Mashine ndiyo itakayoviunga vipande hivyo kulingana na mchezaji.

Na sheria ipo. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha mali ya namna hii, na inamtaka anayetaka kuitumia kibiashara apate kwanza idhini ya jamii na kukubaliana nayo kuhusu mgao. Kwa gemu, mapatano hayo yatahitaji macho makali kuliko ya albamu. Wimbo ukipigwa redioni kuna anayepaswa kuuhesabu na kulipa mrabaha. Kipande cha ngoma cha sekunde 4 kikiingia kwenye gemu kitalia maelfu ya mara kwenye simu za watu katika usiku mmoja, na hakuna anayekihesabu, kwa hiyo bei yake hupangwa siku kinaporekodiwa.